Pasaka Leicester: maduka yapi hufungwa, yapi hubaki wazi

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia. Binti yake anaishi Leicester, Uingereza, anatarajia kujifungua mwezi wa nne, na mama anakwenda kumlea mzazi na mtoto. Ndege yake inatua Heathrow Jumamosi jioni, mkesha wa Pasaka. Anauliza hivi: "Mwanangu amenionya kwamba Jumapili ya Pasaka maduka makubwa yote yanafungwa, na Jumapili nyingine yanafungwa saa kumi jioni. Mdogo wangu aliyeko Glasgow anabisha, anasema kwake supamaketi iko wazi hadi usiku, Jumapili kama Jumatatu. Nani mkweli? Kwa nini nchi kama ile ifunge maduka jua halijazama? Nitapata wapi unga, nyama ya halali na vitu vya mzazi? Tena kabla sijarudi nataka niingie Harrods, lile duka maarufu la London, nako sijui saa zake."

Shikamoo mama. Mungu amjaalie binti yako ajifungue salama. Wote wawili wamekwambia kweli: binti yako yuko England, mdogo wako yuko Scotland, na kila upande una sheria yake ya maduka. Nimefanya kazi kwenye supamaketi za England, kuanzia kupanga bidhaa kwenye rafu usiku hadi kusimamia makeshia, na nimewaona wageni wengi wakifika mlangoni Jumapili jioni na orodha mkononi, mlinzi anatikisa kichwa. Swali lako ni la maana, na bahati nzuri umeliuliza kabla ya kupanda ndege.

Nianze na jambo linalobeba mengine yote. Siku ya Jumapili, England na Wales, kinachoamua saa za duka ni ukubwa wa sakafu yake. Sheria ya biashara ya Jumapili ya mwaka 1994 imeweka mpaka kwenye mita za mraba 280. Kinachopimwa ni eneo la kuuzia na kupanga bidhaa. Stoo, ofisi na chumba cha wafanyakazi kupumzikia havihesabiwi. Duka ambalo halijavuka mpaka huo linafungua litakavyo, hata usiku kucha. Lililovuka linaruhusiwa kuhudumia wateja kwa saa sita tu mfululizo, na saa hizo sharti ziangukie kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Jumapili ya Pasaka halifungui kabisa. Siku ya Krismasi nayo halifungui, iwe imeangukia Jumapili au Jumatano. Hilo liliwekwa wazi kwa sheria nyingine ya mwaka 2004.

Kwa hiyo kila duka kubwa huchagua saa zake sita. Supamaketi nyingi huchukua saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa sababu wateja wao wanataka nyama na viazi vya chakula cha mchana cha Jumapili, mlo ambao kwa Waingereza una heshima yake. Nyingine huchukua saa tano hadi saa kumi na moja. Maduka ya katikati ya London hupenda saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, maana watalii huamka wakichelewa. Hakuna duka linaloweza kufungua saa tatu asubuhi likajitetea kwamba litafunga mapema, wala kugawa saa zake mafungu mawili. Sheria inadai pia tangazo la saa za Jumapili libandikwe ndani na nje mahali pa kuonekana. Ukifika mlangoni utasoma 10 hadi 4. Hiyo ndiyo saa nne hadi saa kumi yetu, na humu ndani naandika kwa saa za kwetu ili usichanganyikiwe.

Utakutana na jambo moja litakalokushangaza. Nenda supamaketi kubwa Jumapili saa tatu na nusu asubuhi na huenda ukakuta milango imefunguliwa, taa zinawaka, watu wanasukuma vitoroli. Wanaruhusiwa kuangalia na kujaza, lakini kulipa bado. Kinachohesabiwa na sheria ni kumhudumia mteja, basi mashine za malipo zinabaki zimefungwa. Ikifika saa nne kasoro dakika kumi, foleni zimeshajipanga mbele ya makeshia waliokaa mikono mapajani, mbele ya skrini nyeusi. Mtu ana maziwa, mkate na gazeti, anasubiri kimya. Saa nne inatangazwa kwenye spika, na mashine zote zinaanza kulia kwa mpigo mmoja. Jioni nako kuna nafuu yake: ukiwa umeshaingia kabla ya saa ya kufunga, sheria inaruhusu uhudumiwe, mradi uwe umetoka ndani ya nusu saa. Kwa hiyo ukijikuta kwenye foleni saa kumi inagonga, usiache kitoroli ukakimbia.

Ukielewa mpaka wa mita 280, majina ya maduka yatakusomekea vizuri. Kampuni zilezile zina maduka ya saizi mbili. Tesco Extra ni kubwa, inafuata saa sita za Jumapili. Tesco Express imejengwa makusudi ibaki chini ya mpaka, na mara nyingi iko wazi saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano usiku kila siku, Jumapili ikiwemo. Sainsbury's kubwa na Sainsbury's Local ni hivyohivyo, na Waitrose na Little Waitrose vilevile. Co-op nyingi za mitaani ni ndogo. Aldi, Lidl, Asda na Morrisons karibu zote ni kubwa, ingawa Asda na Morrisons nao wameanza kuwa na vidogo vyao vyenye jina la Express na Daily. Fahamu tu kwamba bei ya duka dogo huwa juu kidogo kuliko ya duka kubwa la kampuni hiyohiyo, na uchaguzi ni mdogo. Ukinunua huko vitu viwili vitatu vya haraka hutaumia. Ukinunua vya wiki nzima, utaumia.

Kuna maduka ambayo hayabanwi hata yakiwa makubwa: ya ndani ya viwanja vya ndege na stesheni za treni, vituo vya mafuta, sehemu za kupumzikia kwenye barabara kuu za magari, na maduka ya mashambani yanayouza hasa mazao yao wenyewe. Sheria iliwakumbuka pia Wayahudi wanaoshika Sabato: mwenye duka kubwa akifunga Jumamosi na kuiarifu halmashauri, anaweza kufungua Jumapili. Famasia ina sharti ambalo wengi hawalijui. Inasamehewa iwapo inauza dawa na vifaa vya tiba peke yake. Tawi kubwa la Boots, kampuni ya famasia, katikati ya mji, lenye manukato, sandwichi na vipodozi, linahesabiwa ni duka kubwa kama mengine, na Pasaka linafungwa.

Sasa tupange safari yako.

Mwambie binti au mkwe wako wanunue kabla. Ijumaa Kuu haina zuio la kisheria, maduka mengi makubwa hufungua, baadhi kwa saa pungufu. Jumamosi ya mkesha ni siku ya msongamano mkubwa, kwa sababu kila mtu anajua kesho hakuna. Siku za kawaida Aldi na Lidl nyingi hufunga saa nne usiku, na Tesco kubwa nyingi huenda hadi saa sita usiku. Zamani Tesco nyingi zilikuwa wazi saa ishirini na nne. Korona ilipoingia mwaka 2020 utaratibu huo ulisimamishwa na sehemu nyingi haukurudi. Hata duka la saa ishirini na nne, Jumamosi ikigonga saa sita usiku linafunga, linafungua Jumapili kwa saa zake sita, linafunga tena, hadi usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwa hiyo usipange kutoka Heathrow usiku ule ukapitie supamaketi. Forodha ikikuchelewesha kidogo tu, mlango umefungwa.

Barabarani hutakosa chochote. Kutoka Heathrow mtashika barabara kuu ya M25 kisha M1 kuelekea kaskazini, na sehemu za kupumzikia kama Toddington na Newport Pagnell ziko wazi usiku na mchana mwaka mzima, Pasaka na Krismasi zikiwemo. Ndilo sharti walilowekewa. Kuna vyoo, chai, mikate na maegesho ya bure kwa saa mbili. Bei zake ni kali, nunua cha kutuliza njaa tu.

Vitu vya mzazi ndivyo visivyosubiri. Pedi kubwa za uzazi, pampasi za mtoto mchanga, vitambaa vya kufutia, fulana za kufunga mbele, na dawa ya maumivu ambayo mkunga amemruhusu: vyote viwe ndani ya nyumba ifikapo Jumamosi mchana. Mtoto akiamua kuja Jumapili ya Pasaka, Tesco Express itakuwa na pampasi, lakini huenda saizi ya mtoto mchanga haipo kwenye rafu. Kukihitajika dawa, kila eneo huwa na famasia chache zinazopangiwa zamu siku hiyo, mara nyingi kwa saa chache tu. Pigeni simu 111, namba ya huduma ya afya ya taifa, bure, wawaelekeze iliyo wazi karibu nanyi.

Unga na nyama visikunyime usingizi, maana Leicester ni mji wa watu wa kwetu. Pita Belgrave Road, mtaa unaoitwa Maili ya Dhahabu, utakuta muhogo, bamia, dengu, nazi, maembe na viungo vya kila aina. Upande wa Highfields na Evington Road kuna mabucha ya halali mengi. Unga wa mahindi mweupe unapatikana kwenye maduka ya Kiafrika na hata ya Kihindi, na supamaketi kubwa za maeneo hayo nazo huwa na rafu yake. Maduka haya ya mitaani mengi ni madogo, hayaguswi na sheria ya Pasaka, na wenyewe wengi si Wakristo. Jumapili hiyo ni siku nzuri ya biashara kwao. Nyuma ya kaunta unaweza kukuta mzee anayekujibu kwa Kiswahili cha Kampala au Kisumu. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini kwao. Walikuja, wakaungana na wenzao waliokwisha kutoka Kenya na Tanzania, wakafungua maduka. Maduka ya namna hiyo, kote nchini, yalijulikana kwa kufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, Jumapili pamoja, wakati wenzao walikuwa wamefunga milango. Nikisema watu waliotoka Afrika Mashariki walichangia kuifundisha Uingereza kununua maziwa Jumapili jioni, sidhani natia chumvi.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la kwa nini.

Usidhani ufungaji huu ni uvivu au umaskini. Kwa muda mrefu saa za maduka Uingereza ziliwekwa na sheria ili kumlinda muuzaji aliyesimama nyuma ya kaunta. Sheria ya mwaka 1911 ilimpa mfanyakazi wa dukani nusu siku ya mapumziko kila wiki, na miji mingi ikawa inafunga maduka saa saba mchana siku moja katikati ya wiki. Sheria ya mwaka 1950 ilikusanya yote: siku za kawaida duka lifunge saa mbili usiku, siku moja kwa wiki saa tatu, na Jumapili lifungwe isipokuwa kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Orodha hiyo ndiyo iliyoivunjia sheria heshima. Jumapili ungeweza kununua gazeti na jarida la aina yoyote, lakini Biblia hapana. Mgahawa wa Kichina uliweza kukuuzia chakula cha kubeba, duka la samaki na chipsi halikuruhusiwa. Watu wakaanza kuivunja waziwazi na halmashauri nyingi zikafumba macho.

Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ilipeleka Bungeni muswada wa kufuta mipaka yote. Alikuwa na wabunge wengi mno kuliko wapinzani wake, na bado usiku wa tarehe 14 Aprili aliangushwa kwa kura 296 dhidi ya 282. Makanisa yalitaka siku ya ibada na familia. Chama cha wafanyakazi wa maduka, USDAW, kilitaka siku ya kupumzika. Wabunge 72 wa chama chake mwenyewe waliungana nao. Kampuni ya vifaa vya ujenzi ya B&Q ikaendelea kufungua na kesi zikafika hadi mahakama ya Ulaya. Krismasi ya 1991 ilipokaribia, supamaketi kubwa nazo zikafungua Jumapili bila ruhusa. Desemba 1993 wabunge waliwekewa njia mbalimbali wachague, na wakachagua ya katikati: duka dogo liwe huru, duka kubwa lipewe saa sita. Sheria ikaanza kazi Agosti 1994. Mwaka huohuo mipaka ya siku za kazi ikafutwa, ndiyo maana Jumatatu hadi Jumamosi duka linaweza kufunga saa yoyote linayotaka.

Tangu hapo imejaribiwa kulegezwa. Kwa ajili ya Olimpiki ya London mwaka 2012 mipaka ilisimamishwa kwa Jumapili nane, kisha ikarudi. Machi 2016 serikali ilitaka kila halmashauri ijiamulie. Bunge likakataa kwa kura 317 dhidi ya 286. Hapo Glasgow ya mdogo wako inaingia. Scotland haijawahi kuwa na sheria hii ya saa sita, maduka yake yako huru Jumapili, na sehemu nyingi wafanyakazi walizoea kulipwa zaidi kwa siku hiyo. Wabunge wa SNP, chama cha kitaifa cha Scotland, walipiga kura ya hapana wakihofia kwamba England ikifungua kila kitu, kampuni kubwa zitafuta malipo ya ziada nchi nzima, na Waskoti wataumia. Scotland ina zuio la Krismasi kwa maduka makubwa tangu sheria ya mwaka 2007, lakini Jumapili ya Pasaka mdogo wako atanunua mchele kama kawaida. Anachozuiwa kule ni pombe, ambayo maduka huuza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku tu, siku zote. Ireland Kaskazini ndiyo yenye mkazo zaidi: duka kubwa lina saa tano, saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni.

Niseme msimamo wangu bila kuuficha: sheria hii ni nzuri na natamani ibaki. Kila miaka michache hutokea mtu akasema imepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi watu wananunua kwa simu usiku wa manane. Anayesema hivyo mara nyingi si yeye anayesukuma mzigo wa maji ya chupa kutoka stoo. Nimewaona kina mama, wengi wao wahamiaji kama sisi, ambao saa kumi na nusu ya Jumapili ndiyo saa pekee ya wiki nzima waliyokuwa na hakika nayo. Ratiba ya kazi inabadilishwa wiki hadi wiki, zamu ya usiku inageuzwa ya asubuhi, lakini saa ile hakuna meneja anayeweza kuigusa kwa kuwa mlango wenyewe umefungwa na Bunge. Wanakwenda kanisani jioni, wanapika, wanapiga simu nyumbani. Na Pasaka ndiyo siku ambayo duka zima, kuanzia mfagiaji hadi meneja, liko nyumbani kwa pamoja. Ukimnyang'anya mfanyakazi siku ile kwa sababu mteja amesahau siagi, umemdhulumu.

Kama binti yako anafanya kazi dukani, au atakuja kufanya likizo ya uzazi ikiisha, ajue haki hii ambayo waajiri hawaipigii debe: mfanyakazi wa duka England na Wales ana haki ya kukataa kazi ya Jumapili. Anamwandikia mwajiri barua, miezi mitatu ikipita halazimiki tena, na hawezi kufukuzwa kwa sababu hiyo. Asiyehusika ni yule aliyeajiriwa kwa ajili ya Jumapili pekee. Mwajiri naye anatakiwa amweleze haki hiyo kwa maandishi ndani ya miezi miwili ya kuajiriwa. Asipofanya hivyo, muda wa barua unapungua kuwa mwezi mmoja.

Kwa wewe mnunuzi, Jumapili ina faida moja. Duka kubwa linalofunga saa kumi haliwezi kubaki na mkate, samaki na mboga za kuharibika, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana mfanyakazi huzunguka na mashine ndogo kiunoni akibandika stika za njano za bei iliyoshushwa. Anashusha mara ya kwanza kidogo, baadaye zaidi. Kuku mzima anaweza kwenda kwa nusu bei. Utawaona watu wakimfuata kwa hatua chache, wakijifanya wanasoma maandishi ya mikebe. Simama nao, hakuna aibu, ila usimnyang'anye mfanyakazi kitu mkononi kabla hajakibandika. Nyama ya stika ipikwe siku hiyohiyo au igandishwe.

Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu ya kitaifa, lakini haina zuio. Maduka makubwa hufungua kwa saa pungufu wanazojipangia. Angalia saa za tawi lako kwenye tovuti ya kampuni yenyewe kwa kuandika postikodi ya binti yako. Ramani za simu mara nyingine hazijabadilishiwa saa za sikukuu.

Tumalizie na Harrods. Maduka ya idara, yale ya ghorofa nyingi yenye kila kitu, yana saa tofauti na supamaketi: hufungua yamechelewa na hayaendi usiku sana. Mengi yaliyokuwa maarufu hayapo tena. Kama uliwahi kusikia watu wakinunua Debenhams au BHS, matawi ya BHS yalifungwa mwaka 2016, ya Debenhams Mei 2021, na jina la Debenhams limebaki la mtandaoni tu. Leicester ina John Lewis ndani ya jengo la Highcross, na kwa zawadi za maana kwa wazee nyumbani, shati, fulana za ndani, shuka, naona hapo na Marks & Spencer panatosha kabisa. Harrods nenda kutazama. Ukumbi wa vyakula wa chini, wenye kuta za vigae na samaki waliopangwa juu ya barafu, ni wa kukumbukwa, na kikopo cha chai au mfuko wa kijani wenye jina lao si ghali kiasi cha kukutisha.

Kawaida Harrods hufungua saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili milango hufunguliwa saa tano na nusu, ila kulipa ni kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Jumapili nakushauri usiende: treni kutoka Leicester hupungua na mara nyingi reli iko kwenye matengenezo, halafu umati ni mkubwa. Chagua Jumanne au Jumatano. Treni ya Leicester hadi St Pancras huchukua saa moja na dakika kidogo. Tiketi ya baada ya saa tatu na nusu asubuhi huwa nafuu kuliko ya alfajiri. Ukishuka, ingia treni ya chini ya ardhi, laini ya Piccadilly, ya buluu iliyokolea kwenye ramani, bila kubadilisha hadi Knightsbridge. Kuna njia ya kutokea inayokufikisha mlangoni pa duka. Vaa viatu vya kutembelea, beba chupa ya maji, na ukitaka kupumzika miguu uliza vyoo viko ghorofa gani, kuna viti karibu. Safari njema, mama, na umsalimie mzazi.